Pesa za Mabati

Aibu hii niliitafuta mwenyewe, kwa hiyo acheni niisimulie kwa mdomo wangu kabla hamjaisikia kwa watu wa shirika letu la parokia (wameshaisimulia sana, na kila mmoja anaongeza chumvi).

Lava ya volkano ilimeza nyumba yetu, tukahamia Mugunga, pembeni ya mji wa Goma, chini ya turubai, mimi, mume wangu Papa Riziki na watoto wanne, tukaanza kuweka pesa za kujenga upya, yeye kwa udereva na mimi kwa samaki wa chumvi wa Vitshumbi. Kuta za mbao zilikuwa zimesimama tayari, yakabaki mabati tu. Basi Papa Kambale, mhasibu mstaafu tunayesali naye, akanionyesha anavyonunua hisa kwa simu, za kampuni inayochimba madini ya betri nchi ya mbali ambayo hata jina lake lilinishinda kutamka.

“Mama Riziki,” akanionya, “weka feza yenye hata ikipotea utalala. Na usikuwe unaangalia simu kila saa.”

Nikaitikia ndiyo, papa, kisha nikaweka pesa zote za mabati bila kumwambia mume wangu, na simu nikawa naichungulia hata misani. Hisa zikapanda. Nikaanza kuwaonea huruma wauza samaki wenzangu.

Asubuhi moja mabomu yakalia upande wa Sake, mji wa jirani, na sisi watu wa Goma mnatujua, volkano na waasi wametufundisha kwamba ukisikia kishindo unakimbia, maswali utauliza ukifika, basi nami nikiwa barabarani, mtoto mgongoni na sufuria kichwani, nikasimama katikati ya watu wanaokimbia nikauza hisa zote, ambazo siku hiyo zilikuwa zimeshuka, kwa hasara (kampuni yenyewe inachimba huko mbali, ambako hakuna aliyewahi kusikia jina la Sake!). Tuliporudi nyumbani nikakuta zimepanda kuliko mwanzo. Roho ikaniuma, nikanunua tena kwa bei ya juu. Wiki haikuisha zikaporomoka, na kilichobaki hakikutosha hata misumari.

Hapo ningenyamaza. Lakini Jumapili, shirika zima limeketi kwenye mabenchi na Papa Riziki kando yangu, nikasimama nikapiga kelele: “Papa Kambale, rudisha feza yangu! Batu yote bajue, weye ni mwizi!”

Mzee wa watu hakubishana. Alitoa simu yake, akaiinua, akafungulia ujumbe wa sauti niliomtumia siku ile aliponisihi nisinunue tena kwa hasira. Nikaisikia sauti yangu mwenyewe, najiona mkubwa, nacheka:

“Usinifundishe! Weye uko na woga, njo maana mupaka leo unapangaka mu nyumba ya batu. Miye nanunua, na mabati nitaweka ya rangi! Na Papa Riziki usimuambie kitu, yeye anajuaka tu gari.”

Watu walicheka hadi ujumbe ulipofika kwenye jina la mume wangu. Nilitamani ardhi inimeze.

Papa Riziki alimwomba Papa Kambale msamaha, polepole, kisha njiani akaniambia neno moja tu: “Ile ya kumuita mwizi, utaiondoa mwenyewe. Miye sitakusemea.”

Sikulala juma zima. Jumapili iliyofuata nikasimama tena palepale, nikasema: “Papa Kambale hakuniiba. Hakuna mutu aliniiba. Ni miye.” Safari hii hakuna aliyecheka, na sijui kwa nini hilo liliniuma zaidi.

Mvua zilianza mwezi huo. Tulilivuta turubai juu ya zile kuta, tukasogeza vitanda kila lilipovuja, na Papa Riziki hakunilaumu hata mara moja. Nimechoka, ndugu zangu, hata kujitetea nimechoka. Nimeapa kimoja tu: nikisikia kishindo tena, nitabeba watoto, na simu itabaki mfukoni.