Mume wa Nkambo

Harufu ya mpira uliooshwa kwa sabuni ya mawese hunirudisha Kindu, mji wetu wa Kongo, papo hapo, hata nikiwa jikoni kwangu naosha sufuria. Miaka ya vita, hospitali tuliyolazwa haikuwa na glavu za kutumia na kutupa. Glavu zilifuliwa, zikachemshwa, zikaanikwa kwenye kamba nyuma ya jengo pamoja na mablangeti ya wagonjwa na vitenge vya akina mama. Upepo wa mtoni ukivuma, zilijaa hewa zikawa mikono minene yenye vidole vilivyosimama wima, nasi watoto tulipita mbele yake tukiipungia na kuisalimu, "Jambo, dokta! Jambo, dokta!" Nyuma ya kamba ile ndiko walikopikia wapishi wa wagonjwa. Kwetu mtu haendi hospitali peke yake; huenda na wa kumpikia, kumfulia na kumgeuza kitandani, na huyo tunamwita gardmalad. Kwa hiyo sabuni ilichanganyika na moshi wa makaa, sombe, yaani kisamvu, na samaki wa mto Lualaba, na mimi hadi leo sijui kuitenga harufu ya ugonjwa na harufu ya chakula cha mchana. Naikumbuka kwa hamu, jambo ambalo mke wangu analiona ni kichaa kidogo.

Gardmalad wa nkambo nilikuwa mimi. Nkambo ndivyo nilivyomwita nyanya yangu, mama mzaa baba, na wakati huo meno yangu ya mbele ndiyo kwanza yanaota upya. Baba na mama walikuwa wamekwenda Kalima kutafuta maisha kwenye machimbo, barabara ikafungwa na wenye bunduki nyuma yao, na habari zao zikakatika kama zilivyokatika za treni, ambayo ilikuwa haiji tena. Tulibaki wawili nyumbani. Babu alifariki kabla sijazaliwa, nikapewa jina lake, Amisi, na kwa nkambo jina hilo halikuwa mchezo. Mimi nilikuwa mumewe. Kuku akichinjwa, firigisi ni yangu, kwa sababu firigisi ni ya mwenye nyumba. Asubuhi aliniuliza, "Bwana yangu, umelala vizuri?" na nisipoitika kwa sauti nzito alinuna. Nyanya na wajukuu hutaniana hivyo mahali pengi, najua, lakini wengine huanza kucheka mapema. Nkambo alitania bila kucheka, na mimi nilikuwa na umri wa kuamini.

Hapo inabidi niwaeleze wasomaji wa mbali jambo moja, maana ndilo lililotuletea kioja. Kwenu huenda bibi ni mama wa mama au wa baba. Kwetu Kindu bibi ni mke. Ukimwambia mtu wa kwetu "nimemwona bibi yako sokoni," atakuuliza alikuwa na nani. Daktari wetu hakulijua hilo. Alikuwa Mkongo kama sisi, ila alilelewa Kigoma, akarudi na Kiswahili kilichonyooka kama kola ya shati lake, na vita vilimkuta Kindu vikamzuia humo. Alikuwa kijana mrefu, mwembamba, mwenye haraka. Wenzake kadhaa waliondoka kwa ndege mlango ulipokuwa bado wazi. Yeye alibaki, na sijawahi kusikia kwamba alijisifu kwa hilo.

Nkambo alianguka akitwanga mpunga. Tumbo lilimkaza, likavimba, akaanza kutapika, na majirani wakampakia kwenye baiskeli, mmoja akisukuma, mwingine akimshikilia mgongo, mimi nyuma na sufuria na mkeka. Walitufikisha wakageuza haraka, kwa kuwa njia ilikuwa na askari. Daktari alimpapasa tumbo, akasema utumbo umejisokota na lazima apasuliwe siku hiyo hiyo, asipopasuliwa atakufa. Nkambo akasema hapana. Hakubishana, hakulia, aligeuzia uso ukutani akasema hapasuliwi, anataka kurudi kwake. Alipoulizwa nani wa kumsemea, mumewe yuko wapi, alijibu, "Bwana yangu iko inje, anawasha moto."

Basi daktari akatoka kumtafuta huyo bwana. Nilikuwa nimepiga magoti napuliza makaa, macho yamejaa moshi, nikasikia sauti ikiuliza uani mume wa mama mwenye tumbo ni nani. Nikasimama. "Njo mimi," nikasema; njo ya kwetu ni ndiye, ndiyo na ndipo yenu.

Akaniangalia, akaangalia nyuma yangu, akaniangalia tena. "Wewe mtoto, namwuliza mume wake. Huyu mama si bibi yako?"

"Ndiyo," nikajibu, nikifurahi kwamba hatimaye amenielewa. "Njo bibi yangu kabisa."

"Na mume wake je?"

"Njo mimi!"

Uso wake ulibadilika. Aliinama akaniwekea kiganja kwenye paji la uso, akanivuta kope kuangalia jicho, kisha akaita kwa sauti kwamba huyu mtoto ana homa, imeshapanda kichwani, apimwe malaria sasa hivi. Na kweli nilikuwa wa moto, nani asiyekuwa wa moto akitoka kupuliza makaa? Uani palilipuka kicheko. Akina mama walishikana mabega, mmoja akaacha sombe yake ikaungua. Aliyeniokoa na sindano ya kidole ni muuguzi aliyeitwa Mama Aziza, mwanamke mnene wa Kindu kwa Kindu, ambaye alifika akijifuta machozi ya kicheko akasema, "Dokta, acha mutoto. Ule mama, bwana yake alikufa. Huyu njo alibeba majina yake. Anamupenda sawa bwana yake, na ule mama hawezi kusikia muntu mwingine."

Ningetegemea daktari acheke kama wengine, halafu aniambie nikae pembeni. Badala yake alivuta beseni lililopinduliwa, akakaa juu yake ili macho yetu yalingane, na akaniamkia upya. "Bwana Amisi," alisema, "mke wako anaumwa sana. Nikimpasua anaweza kupona, anaweza pia kufa mikononi mwangu. Sina taa, sina dawa zote. Nisipompasua, atakufa, hilo nina hakika nalo. Mimi ananikatalia. Naomba wewe uzungumze naye." Hakuna mtu mzima aliyewahi kunieleza jambo lote namna ile, baya na zuri, bila kulipaka sukari. Niliogopa. Nilielewa vizuri kabisa kwamba nkambo akifa, mji ule mzima hauna mtu wangu. Lakini pia niliona fahari, na sioni aibu kusema hivyo.

Nkambo alikuwa amejikunja, jasho limemlowesha. "Bwana yangu," alisema bila kugeuka, "usiwasikilize hawa. Turudi kwetu nikupikie. Nikilala huku, nani atakuchunga?" Hapo ndipo nilipojua kwamba hakuogopa kisu. Aliniogopea mimi. Nikamjibu kwa maneno ya marehemu babu. Mara nyingi alikuwa amenisimulia jinsi babu alivyokata shauri nyumbani: hakupiga kelele, alivua kofia, akakohoa, akasema neno moja, kwamba ndivyo itakavyokuwa, na mjadala ukaisha. Sikuwa na kofia. Nikavua shati. Nikakohoa, nikakohoa kwa bidii mpaka nikapaliwa kwelikweli na Mama Aziza akaniletea maji. Nilipopata pumzi nikasema, "Mama, njo vile."

Aligeuka. Alinitazama nilivyosimama pale, mbavu nje, shati mkononi. Akacheka, maskini, kicheko kikamuumiza akashika tumbo, na machozi yakamtoka. "Basi," akamwambia daktari. "Mwenye nyumba amesema. Munipasue."

Jenereta lilikuwa limelala kwa kukosa mafuta, hivyo walimpasua kwa mwanga wa jua, meza imesogezwa dirishani, mashuka meupe yametundikwa pande zote mbili ili mwanga urudi ndani. Wingu likipita, mikono inasimama mpaka jua litoke. Habari hiyo ilifika uani mara moja, na gardmalad wote wakaacha vyungu wakainua nyuso juu. Maniema, mkoa wetu, ni nchi ya mvua, mawingu hayakosekani. Kila lilipotokea moja upande wa mto, akina mama walilifokea kama mbuzi aliyeingia kwenye mpunga. "We, toka! Enda unyeshe Lokandu! Huku kuna muntu kwa meza!" Mmoja alikuwa na mtoto wake mwenyewe mahututi wodini, na bado alipiga sufuria kwa mwiko kumfukuzia nkambo wangu wingu. Mimi nilikaa katikati yao nimevaa shati nje ndani. Risasi zilisikika ng'ambo ya mto, hakuna aliyegeuka. Sote tuliangalia juu.

Dawa waliyokuwa nayo ya kumlaza mgonjwa ilikuwa ya aina inayomtembeza akilini. Alipotolewa, macho wazi lakini hayaoni, nkambo alikuwa anagombana. "Amisi!" aliita, na mimi nikajibu nipo, nikimshika mkono. Hakunisikia. "Amisi, hauna haya? Unanikokota hivi, na mutoto nitamuacha kwa nani? Enda mwenyewe. Mimi niko na kazi." Nilielewa polepole kwamba anayeitwa si mimi. Kwa mara ya kwanza maishani jina lile lilikuwa la mtu mwingine, na mtu huyo alikuwa anafukuzwa kwa ajili yangu. Daktari alikuwa amesimama mlangoni, aproni imelowa. Alikaa chini sakafuni, pale pale, akaegemea ukuta akalala usingizi. Watu walimruka wakipita, kwa adabu.

Nkambo alipona. Barabara ilipofunguka, wazazi wangu walirudi, na yeye aliishi hadi kuniozesha mke wa kweli, ambaye alimwita mke mwenza na kumsumbua ipasavyo. Mwaka uliopita nilirudi Kindu, nikapita hospitalini. Kuna mitambo ya jua juu ya paa. Kuna taa kubwa ya upasuaji, na glavu huja kwenye maboksi, mtu anavua anatupa. Nilisimama pale nikashukuru, na sina hamu hata chembe ya kuirudisha siku ambayo maisha ya mtu yalingoja wingu lipite. Ninachokitazama kwa mshangao ni watu wale. Leo naona karatasi ikisainiwa kwa dakika, wakubwa wakinong'ona juu ya kichwa cha mtoto aliyekaa benchini, na hakuna anayevuta beseni akae.

Jioni nilikwenda kumsalimu Mama Aziza nyumbani kwake. Amezeeka, miguu inamsumbua, lakini kicheko ni kile kile. Nikamkumbusha jinsi nilivyokuwa bwana mkubwa siku ile, jinsi nilivyotoa amri na kila mtu akatii. Alicheka sana, kisha akaacha.

"Dokta alikuwa na woga," alisema. "Kabla ya kushika kisu, aliniita ku koridori. Aliniuliza: mama akikufa, mutoto atabaki na nani? Nikamwambia, atabaki na mimi. Akasema hapana, usiniambie tu, enda umutayarishie. Nikakimbia kwangu, nikaambia watoto wangu wasogee kwa mukeka. Nikarudi, njo akaanza kupasua."

Nilimwambia sikuwahi kujua.

"Ungejua namna gani? Ulikuwa unaangalia mawingu." Alinishika kiganja. "Ile saa yote, Amisi, ulikuwa mutoto wangu. Mama aliamuka, njo nikakurudisha."