Nilivyoachwa Juu ya Pondo Ihefu

Aibu hii nimeikalia miaka mingi, na wanaoijua vizuri ni watu wa Usangu, ambao mpaka leo nikishuka kule wapo wanaoinama ghafla kama wanafunga kamba za viatu, na viatu hawana. Basi afadhali niwasimulie mwenyewe kabla hamjasikia kwao, maana wao wameongeza kiboko, na kiboko hakuwepo.

Ilikuwa miaka ya hamsini, Mwingereza bado yupo, mwezi wa saba, baridi imekaa. Mke wangu Yustina alikuwa mtu wa huko kando ya Ihefu, yale majimaji mapana ya matete, na mimi ni Mhehe wa milima ya Kilolo, mtu wa mahindi na njegere, ambaye mto mkubwa niliokuwa nimezoea ni ule unaoweza kuuruka ukishika kanzu (na sina kanzu, ni namna ya kusema). Alikuwa amekwenda kumwona mama yake, yeye na mtoto wetu Agnesi, homa ikamkamata Yustina huko huko, na habari iliponifikia nikashuka kwa lori na kwa miguu, nikakuta wamekwisha zika.

Sikulia. Nasema kama ilivyokuwa. Wenzangu walilia, mimi nilikaa mkekani natazama vidole vya miguu yangu, machozi yamegoma, na watu wakaliona hilo. Nikawasikia mashemeji nyuma ya nyumba wakisema mwanamume huyu ni jiwe, mtoto akienda naye atalelewa na jiwe. Na hilo ndilo lilikuwa shauri lenyewe, kwa sababu siku ya kuondoa matanga ingeamuliwa kama Agnesi anarudi nami Kilolo au anabaki kwa bibi yake, na mimi nilimtaka mtoto wangu, nilimtaka sana, kwani ile nyumba tulikuwa tunaishi watatu na sikujua nitaufunguaje mlango wake nikiwa peke yangu.

Mwenye neno la mwisho alikuwa mama mkwe. Sasa, mimi na mama mkwe hatukuwa tumesemezana hata siku moja tangu nioe. Si ugomvi, ni heshima: akija njia hii mimi naingia majanini mpaka apite, na akiwa na neno humwambia mtu aniambie, hata kama nimekaa pale pale ukutani. “Mwambieni baba Agnesi uji upo tayari.” Nami namwambia mtu huyo amwambie nimeshukuru, na wote tumekwisha sikiana. Sasa mtu wa namna hiyo utamwelezaje kwamba wewe si jiwe?

Ukoo wao una desturi kwamba mume aliyefiwa ndiye huleta kitoweo cha siku ya kuondoa matanga, kwa mkono wake, na kitoweo cha kule ni samaki. Wala haikuwa kazi kubwa. Shemeji yangu Zakayo alikuwa ametega migono, ile mitego ya kusukwa kama kikapu kirefu, na mimi nilitakiwa kufika tu, kuinua mmoja na kurudi nao. Akasema asubuhi atanipeleka kwa mtumbwi. Nikamwambia asijisumbue, nitakwenda mwenyewe, ni karibu. Akanitazama, akaniambia, “Shemeji, mtumbwi si ng'ombe. Haurudi wenyewe jioni.” Watu wakacheka kidogo, nami nikang'ang'ania, na sababu yake sikumwambia mtu: nilitaka kuwa peke yangu mahali ambapo hakuna anayenikagua uso, nione kama machozi yatakuja.

Basi asubuhi nikatoka. Ukungu ulikuwa mzito, matete ya hatua tano huyaoni, na baridi ile ya maji iliyo tofauti na baridi ya kwetu, kwa sababu ya kwetu inakupiga usoni na kupita, hii inakupanda kutoka miguuni na kukaa. Nilivaa koti kuukuu la askari, zito kama mtu mwingine mgongoni. Mtumbwi ule hauendeshwi kwa kafi, unasukumwa kwa pondo, mti mrefu unaouchomeka chini kwenye tope, unaukandamiza, mtumbwi unakwenda, kisha unauchomoa. Nilikuwa nimewaona wakifanya. Nikaona ni fimbo tu, ila ndefu.

Na hapo ndipo milima iliponiponza. Kwetu, kwenye miteremko ya Kilolo, kitu cha kwanza mtoto anachofundishwa ni kwamba mguu ukiteleza, fimbo usiiachie, potelea mbali mzigo, fimbo usiiachie. Nikasukuma mara ya kwanza vizuri, ya pili vizuri, ya tatu pondo likanasa kwenye tope, mtumbwi ukateleza mbele, na mtu wa Usangu angeliachia akachukua jingine, lakini mimi mikono yangu ni ya milimani, ikakaza. Mtumbwi ukaenda zake. Nikabaki juu ya pondo, nimelikumbatia kwa mikono na miguu kama pimbi juu ya mti, katikati ya ukungu, huku mtumbwi nausikia unakwaruza matete kwa mbali.

Pondo halikuvunjika. Liliinama, taratibu, kwa adabu, likanishusha majini kuanzia makalio. Baridi ikanikata pumzi, koti likanywa maji likanivuta, tope likashika kaptula yangu (iliyofungwa kwa kamba, mkanda ulikuwa umekatika) na nilipojipapatua kaptula ikabaki na tope. Sijui kuogelea. Nilijua nakufa. Na mtu anayekufa huita, basi nami nikaita, ila badala ya kumwita Zakayo, au Mungu, nilimwita mke wangu. “Yustina!” Tena na tena, kwa sauti ambayo sikujua ninayo, namwambia njoo unitoe, Yustina, njoo.

Sasa fikirini wanawake waliokuwa wanateka maji kando. Wanasikia kwenye ukungu, kutoka upande usio na mtu, sauti inamwita marehemu. Wakatupa mitungi, wakapiga yowe, yowe likafika nyumbani, na nyumbani, ambako matanga hayajaondolewa, mtu akisikia yowe hulipokea, basi msiba ukaanza upya, ukoo mzima ukateremka mpaka ukingoni unalia bila kujua unamlilia nani. Ukungu ukapasuka kidogo, wakaniona. Nimelala kifudifudi nimeshika pondo, mweusi kwa tope, koti limenivuka kichwani, chini sina kitu. Kilio kikakatika. Halafu Zakayo akacheka, na wengine nao, wakakaa chini kwenye nyasi wakicheka na machozi ya msiba yangali mashavuni.

Aliyeingia majini ni mama mkwe. Mwanamke ambaye sikuwa nimemtazama usoni alikuja moja kwa moja, maji yakiishia kwenye mapaja yake, akavua kaniki yake ya juu, akanitupia huku ametazama matete, akasema nami mwenyewe, bila mtu wa katikati.

“Simama, baba Agnesi. Hapa hapazami mtu.”

Nikasimama. Na hapo, nimefungwa kaniki ya mama mkwe, mbele ya watu wote, machozi ndipo yalipokuja, na hayakukoma upesi. Zakayo akaukamata mtumbwi, akainua mgono, akaniwekea mikononi niupeleke ufukweni ili isemwe nimeleta mwenyewe.

Shauri lilikuwa fupi. Mama mkwe alikaa ndani nyuma ya mlango, heshima imerudi mahali pake, akasema, “Mwambieni nimesikia alivyoita. Mtoto ni wake, aende naye.” Hakuna aliyebisha. Nikanyoosha mkono kwa Agnesi.

Naye akajificha nyuma ya mama yake mdogo. Alikuwa amebebwa mgongoni kule ukingoni, ameona lile jitu la tope likimwita mama yake. Nikapiga magoti nikamwambia ni mimi, baba. Akanitazama sana, akauliza, “Mbona hukutoka na mama?”

Sikumvuta. Nilimwacha kwa bibi yake, nikapanda milima peke yangu, nikaufungua ule mlango, nikawasha moto wa mtu mmoja. Nilishuka mwaka uliofuata, akanipa mkono tu. Niliposhuka mwaka wa pili alikubali kuja, akaniuliza maswali njia nzima.

Mtumbwi sijapanda tena na sitapanda, nazunguka nchi kavu hata kama ni siku nzima. Lakini hilo ni dogo. Mimi ni mtu wa kukaa kimya, nyinyi mnanijua, ila kwa mtoto yule nilijifunza kutangulia kusema: nikiwa bado mbali njiani nilikuwa naita jina lake, nasema baba anakuja, yuko peke yake, ndipo nasogea.