Niliosha sotet ya Kogo kwa sabuni, utafiti mzima ukasimama

Wakuu, habari zenu, mlio na kikombe mkononi na ambao maji bado hayajachemka.

Hii stori nimekaa nayo tangu miaka ya tisini. Majina nimebadilisha, chuo sitakitaja, lakini mambo yenyewe yalinipata mimi, na sijaongeza chumvi. Mkitaka kuniita mwongo, basi malizeni kusoma kwanza.

Nilikuwa lab attendant kwenye chuo kimoja katikati ya mashamba ya chai, upande wa Kericho. Kazi yangu ilikuwa kuosha chupa, kufungua madirisha asubuhi na kuyafunga jioni. Baba alitoka ziwani akaja kuajiriwa kiwandani, kwa hivyo mimi ni Mjaluo niliyezaliwa karibu na Kapsoit, samaki nawajua kwa sahani tu.

Asubuhi za kule, wakuu, sijui niwaeleze vipi.

Ukungu unalala juu ya chai. Unaona vichwa vya wachumaji na vikapu vyao, miguu huioni. Unasikia mtu anacheka na hujui yuko wapi. Nilikuwa nafungua madirisha ya lab polepole makusudi, nisimame pale kidogo kabla siku haijaanza.

Sasa turudi kwa stori.

Kulikuwa na mhadhiri, tumwite Daktari Chelangat. Mama mdogo wa umri, mkali kwa kazi, mpole kwa watu. Alikuwa amepata grant ya kwanza maishani mwake kutoka kwa kamati ya utafiti ya chuo. Alitaka kujua ni nini hasa hufanya mursik, yale maziwa yetu ya kugandisha, ikae siku nyingi bila kuharibika.

Ili ajue, aliazima sotet, yaani kibuyu cha maziwa, kutoka kwa bibi mmoja wa Ndanai aliyeitwa Kogo Taprandich. Kogo ni nyanya kwa Kikipsigis, na hata mimi nilimwita hivyo. Sotet hiyo alipewa na mama yake siku anaolewa. Ilikuwa imekunywa moshi na maziwa miaka mingi kuliko umri wangu.

Kamati ilikuwa na sheria moja ngumu: chombo cha sampuli kisibadilishwe mpaka utafiti uishe. Ukibadilisha, mradi unafungwa na grant inahamia idara nyingine. Kwa Daktari hiyo ilikuwa nafasi ya pekee, maana kulikuwa na wazee pale idarani waliosema wazi kwamba maziwa ya nyanya si sayansi.

Na lab nayo ilikuwa na sheria yake, imebandikwa mlangoni: vyombo vyote vioshwe kila Ijumaa kwa maji moto na sabuni.

Mmeshaanza kuona inakoelekea.

Ijumaa moja Daktari alikuwa darasani. Nikaikuta sotet mezani, imemwagwa maziwa, inangoja mengine. Nikachungulia ndani. Nyeusi tititi! Nikasema moyoni, mtu mzima na masomo yake yote, anaachaje chombo na masizi namna hii?

Nikaweka sabuni ya unga. Nikachukua brashi ya waya. Nilisugua mpaka mkono ukauma, na nilikuwa nafurahi, nawaambia ukweli. Maji meusi yalipotoka nikaona nimefanya kazi ya maana.

Daktari aliporudi aliinusa. Alikaa kwenye stuli, sotet mapajani, akaangalia dirishani muda mrefu.

"Nimekosea, Daktari?" nikauliza.

"Ule weusi ndio ulikuwa utafiti," akasema.

Ndipo akanieleza. Akina mama huchoma kijiti cha mti wa senetwet, wanasugua ndani ya kibuyu na kaa lake mpaka ukuta uwe mweusi. Miaka inavyopita, ule mkaa na maziwa vinashikana. Mimi nilikuwa nimevisugua vyote nikavimwaga kwenye sinki, kwa sababu karatasi ya mlangoni ilisema Ijumaa.

Niliomba anifukuze. Alikataa. Alisema, "Tutampelekea mwenyewe, na wewe ndiye utasema."

Kesho yake tukaenda Ndanai na gari la idara. Chai iliisha, ikaja mahindi na ng'ombe na vilima vya kijani visivyokwisha, na mimi nimeshika kile kibuyu kwa mikono miwili, nikitamani barabara isifike.

Kogo alitupokea vizuri sana, ndiyo ikazidi kuniuma. Nikamwambia. Akaweka pua kwenye mdomo wa sotet, akafumba macho.

"Hii imekufa," akasema. Kisha akanigeukia. "Nani alikutuma uoshe na sapuni?"

"Sheria, Kogo."

"Huyo Sheria ni mtoto wa nani?"

Daktari alicheka mpaka akatokwa na machozi, na sijui kama yote yalikuwa ya kicheko. Kogo mwenyewe hakucheka.

"Inaweza kurudi?" Daktari akauliza. "Kamati inakutana muhula ujao ukifunguliwa. Nikienda na kibuyu kingine wananifungia."

"Inaweza kurudi. Inaweza kukataa pia. Lakini aliyeua ndiye atafufua. Mimi sigusi."

Wakuu, kwa wasiojua: kutengeneza sotet ni kazi ya akina mama. Mwanamume hagusi. Sasa fikiria mwanamume mzima, ana masharubu, tena Mjaluo, amekaa kwa kigoda mbele ya jikoni anasugua kibuyu. Majirani walikuwa wanapita hapo hata kama hawana safari. Kuna mama alikuja kuazima chumvi mara tatu kwa siku moja!

Likizo yangu yote niliimalizia pale. Daktari alinipa daftari, akaniambia niandike kila ninachofanya na kila ninachonusa.

Asubuhi nilichoma kijiti, nikasugua, nikapangusa, nikamimina maziwa yaliyochemshwa yakapoa. Baada ya siku chache namwaga, naanza tena. Maziwa ya kwanza tulimpa mbwa, akayanusa akaenda zake. Niliandika: mbwa amekataa. Ya pili mbwa alilamba kidogo. Niliandika hiyo pia.

Siwezi kusema zile siku ziliendaje. Ziliyeyuka tu. Moshi wa senetwet ulipanda taratibu ukachanganyika na ukungu, kengele za ng'ombe zililia mbali, Kogo aliongea na kuku wake kwa sauti ya chini. Nilisahau kuna chuo duniani. Wakati mwingine nilikuwa nimekaa na kile kibuyu mapajani nikashtuka jua limeshafika juu, na sikumbuki nilikuwa nawaza nini. Nilikuwa na furaha ambayo sikuistahili, na nilijua siistahili.

Likizo ilipokaribia kuisha, Kogo alionja. Akaonja tena.

"Imefungua jicho moja," akasema. "Peleka."

Siku ya kamati nilibaki mlangoni na sotet. Nilimsikia mwenyekiti akiuliza, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kuamua, "Daktari, tumesikia chombo kiliharibiwa. Umebadilisha sampuli?"

"Sampuli ni ile ile," Daktari akajibu. "Ilikufa, ikarudi. Imeandikwa siku kwa siku."

Akaanza kuwasomea daftari langu. Alipofika kwa mbwa amekataa, kuna mtu alicheka. Baadaye nikasikia mmoja akisema asome ule ukurasa tena. Sheria yao ilikataza kubadilisha chombo. Haikusema lolote kuhusu chombo kufa na kufufuka. Mradi ukaendelea.

Na lile daftari, wakuu, ndilo lililokuja kuwa sehemu iliyosifiwa zaidi kwenye utafiti wake. Chuo kikampa tuzo ya mtafiti bora.

Daktari aliomba jina langu na la Kogo yaandikwe kwenye karatasi ya utafiti na kwenye cheti cha tuzo. Jibu lilikuja kwa barua fupi: sera inaruhusu majina ya wahadhiri peke yao. Alinionyesha barua akashindwa kuniangalia. Nilimwambia haina shida. Ilikuwa na shida. Niliumia, na nilijionea aibu kuumia, kwa sababu si mimi niliyekuwa nimeharibu?

Siku ya tuzo Daktari alimwalika Kogo. Makofi yakapigwa, jina moja likasomwa, picha zikapigwa. Mimi nilipanga viti.

Watu walipotoka kwenda kula, Kogo alituita pale kwenye nyasi, nyuma ya ukumbi, ambapo chai inaanzia. Akatoa sotet, tuliyokuwa tumemrudishia utafiti ulipoisha, chini ya shuka. Mnajua kwetu mtu akirudi na ushindi anapewa mursik anywe mbele za watu. Akampa Daktari. Daktari akanywa, akapangusa mdomo, akalia waziwazi.

Kisha Kogo akanipa mimi.

Ilikuwa tamu, ina moshi, imeshika vizuri. Halafu mwisho kabisa, nyuma ya ulimi, nikaisikia. Sabuni. Kidogo tu.

Kogo alikuwa ananitazama. "Umesikia?"

"Nimesikia, Kogo. Pole."

"Ya nini pole? Hiyo haitoki tena. Hiyo ni wewe. Mama yangu ako ndani, mimi niko ndani, na wewe uko ndani."

Nilikunywa yote.

Kogo alituacha miaka michache baadaye. Mjukuu wake alikuja mpaka lab, amebeba kitu kimefungwa kwa shuka ninayoijua. Akasema nyanya aliagiza, "Ile mpelekee yule wa sapuni."

Niko nayo mpaka leo. Nasugua mwenyewe, wake za majirani wameshazoea.

Nilichojifunza: kabla hujasafisha kitu cha mtu, uliza ule uchafu ni wa nani. Na sijawahi tena kutafuta jina langu kwenye karatasi.

Haya wakuu, uwanja ni wenu. Ni nani hapa aliwahi kuharibu kitu kwa kufuata sheria vizuri kabisa? Na wale mliolelewa na mursik, hebu niambieni, ya kwenu ina ladha ya nani?