Harufu ya Maringo

Mbwa alipoanza kususia mifupa, fundi cherehani alimpa jina la Maringo. Mbwa aliunusa mfupa, akaulamba kidogo, kisha akageuza uso. "Huyu anaringa, hali vya watu maskini," fundi aliwaambia wateja, nao wakacheka. Wajinga wote, yeye wa kwanza.

Mbwa alikuwa wa marehemu mume wa fundi huyo. Tangu mazishi alilala chini ya cherehani, juu ya vipande vya vitambaa, na mjane alishukuru kwamba nyumbani kuna mwingine anayepumua. Lakini pumzi hiyo ikaanza kunuka. Wateja walipimwa wakiwa wamebana pua, halafu wakaacha kuja.

Shemeji yake, ndugu wa marehemu, hakupindisha maneno. "Shemeji, huyu ameoza. Mtupe, au Jumamosi nakuja kumtupa mwenyewe."

Maji yakamfika shingoni. Akamsugua mbwa meno kwa dawa yake mwenyewe ya mswaki, ile kali ya mnanaa. Maringo akatapika povu, akalala chini, hata maji hataki. Fundi akamfunga kwenye shuka, akambeba mpaka kwa daktari wa mifugo, akilia njia nzima bila kumwonea haya mtu.

Daktari, mwanamke mpole, alimfungua mdomo. Meno yalikuwa yamegandwa na ukoga, fizi zinatoa usaha.

"Mama, mbwa mzima hanuki mdomo hivi. Na huu mnanaa naunusa: dawa yetu ya mswaki humdhuru, yeye ana yake. Ungemsugua kwa hiyo yake kila siku tusingefika huku. Huwa unamwangalia kinywa?"

"Nguo za watu nakagua mpaka pindo," fundi alijibu. "Kinywa chake, sijawahi."

Daktari akaingiza kibanio nyuma ya gego, akavuta taratibu. Ukatoka uzi wa kijani, ulikuwa umejizungusha kwenye shina la jino. Fundi aliutambua. Ni wa shati alilokuwa akimshonea mumewe, lile lililobaki bila mikono siku alipofariki. Tangu hapo hajagusa tena uzi wa kijani.

"Atapona?"

"Usaha umeingia kwenye damu. Nitang'oa meno, nitampa dawa. Kukuahidi siwezi, mama."

Fundi aliinama mpaka uso wake ukagusa mdomo ule. Hakubana pua.

"Kumbe ulikuwa unaumwa," alisema. "Unaumwa, na mimi nakuita Maringo."

Mbwa, kusikia jina lake, akatikisa mkia.