Wageni wa Siku Mbili

Mwenye siku mbili tu za kukaa Malindi asianze na bahari. Bahari haiendi popote, na miezi ya mvua mto Sabaki huimwagia tope lote la bara, maji yakawa rangi ya chai ya maziwa. Kisha mgeni husimama ufuoni na simu yake mkononi amenuna, kana kwamba sisi ndio tuliomkorogea. Aanze sokoni asubuhi, jua halijawa kali. Ale mbaazi za nazi kwa mahamri akiwa amekaa kitako, si kwa kusimama kama aliyefumaniwa. Mchana alale. Alasiri aende Gede akatazame magofu, jioni arudi mjini ale viazi karai kwa chatini ya ukwaju. Halua anunue siku ya kuondoka, na aionje kwanza kabla ya kufungiwa, asije akapewa ya juzi.

Hayo nayajua kama sala, maana nimeyasema mno. Katika ukoo wetu mimi ndiye niliyebaki. Wenzangu wako Mombasa, wako Nairobi, wako Uarabuni, na kila mmoja akipata mgeni anayepita huku, hunipigia simu mimi. Wapi kuna samaki mzuri? Wapi pa kulala pasipo na kelele za muziki? Zamani nilikuwa nikiwajibu kwa raha, najiona nami nina cheo. Siku hizi nawajibu kwa mkato, na mwenye kunitia kinyongo hicho ni mdogo wangu wa kike mwenyewe, tuliyenyonya ziwa moja.

Baba alipofariki, mdogo wangu alikuwa bado yuko shule ya msingi. Mama alikuwa akituhangaikia kwa kuuza mahamri, na asubuhi mdogo wangu ndiye aliyebeba beseni la mahamri kuyapeleka mkahawani kabla ya kwenda darasani. Wenzake walimcheka, wakamwita jina nisilotaka kuliandika. Baba mdogo, mwenye nyumba nzuri kule Nyali, Mombasa, akasema mtoto ana akili, nipeni nikamsomeshe. Mama alilia usiku, asubuhi akamfungia nguo. Mtoto akasoma kwelikweli, sina haja ya kumnyima haki yake. Akaenda chuo Nairobi, akapata kazi katika ofisi ya maana. Akawa mtu wa kupiga simu Idi hadi Idi. Kuja, ng'o. Kila mwaka kulikuwa na sababu, na kila sababu mama aliipokea akasema, “Kazi za Nairobi si mchezo.”

Mwaka jana akanipigia. “Dada, nakuja Malindi na wenzangu wa kazini. Siku mbili. Niambie pa kuwapeleka.”

Nikamwambia niliyozoea kuwaambia watu. Akawa anaandika, nasikia vidole vyake vikigonga. Kisha akauliza, “Na chakula cha Kiswahili hasa, cha nyumbani, nitawapatia wapi?”

Nikacheka. “We mtoto we! Mama yuko, na unauliza chakula cha nyumbani?”

Akasema, “Ndiyo, basi. Tutakuja kwenu Jumamosi mchana.”

Kwenu. Neno hilo nililisikia, wala sikulishika. Nilidhani ulimi umeteleza.

Nilipompa mama habari, aliinuka akazunguka ua kama aliyesahau alichokuwa akitafuta. Mtoto anakuja, na anakuja na wakubwa wake wa kazini! Kwa mama hilo lilikuwa na maana moja tu: anatuletea watu watujue. Anakuja kusema, huyu ndiye mama yangu. Alilingoja jambo hilo tangu siku alipomfungia nguo, na hakuwahi kulitamka, lakini wiki ile lilikuwa usoni pake waziwazi. Alipaka chokaa ukuta wa ukumbini. Alikwenda mwenyewe duka la viungo la Wahindi, ambako ananunua tangu enzi za babu wa huyu anayeuza sasa, akachagua iliki punje kwa punje hadi mwenye duka akamtania, “Bi mkubwa, unaoza mwari nini?” Akamjibu, “Zaidi ya hapo.” Kuku alimwagiza kwa mama mmoja wa Kakuyuni anayeleta vitu vyake mjini kwa kikapu, akamwambia asimletee wa kizungu, hao hawana ladha. Samaki alichukua nguru. Chumba cha nyuma alikitandika shuka jipya, kwa sababu ilikuwaje mtoto wake alale hotelini?

Jumamosi alfajiri tulikuwa jikoni. Tulikuna nazi mpaka kiganja changu kikafanya lengelenge. Wali wa nazi, samaki wa kupaka, kuku wa mchuzi, kachumbari, mkate wa sinia wa kumalizia. Adhuhuri ilipokaribia mama alioga, akavaa dera lake la Idi, akajifukiza udi. Akakaa mlangoni. Wallahi, mama yangu alipendeza.

Wakaja kwa gari kubwa, wanaume kwa wanawake, miwani ya jua na kofia. Mdogo wangu akatangulia. Mama akanyanyuka, mikono yote miwili mbele.

Mdogo wangu akampa mkono. Mkono mmoja, kama wanaopeana watu benki. Akasema, “Shikamoo,” kisha akawageukia wenzake kwa tabasamu kubwa. “Huyu ndiye bi mkubwa niliyewaambia. Mji mzima hakuna anayemshinda kwa mapishi. Na huyu ni binti yake, humsaidia.”

Huyu, yaani mimi.

Nilimtazama mama. Mikono yake ilibaki hewani kidogo, kisha akaishusha, akajifuta kwenye dera kana kwamba ina unga. “Karibuni, wageni,” akasema. “Karibuni ndani.”

Wageni wakavua viatu, wakaketi jamvini, wakasifu ukuta mweupe. Mimi nikamkamata mdogo wangu kwa kiwiko nikamvuta hadi jikoni.

“Una wazimu?”

“Dada, taratibu, watasikia.”

“Na wasikie! Umemfanya nini mama?”

Akaanza kunong'ona haraka haraka. Jana walipita Mombasa, wakanywa chai kwa baba mdogo pale Nyali. Pale aliwatambulisha baba mdogo na mkewe kuwa ndio wazazi wake. Tangu alipoajiriwa watu wote kazini wanajua hivyo, kwao ni Nyali, nyumba inatazama bahari. “Sasa nitawaambia nini? Kwamba nilidanganya? Bosi wangu mwenyewe yule amekaa pale. Siku mbili tu, dada. Nitakuja peke yangu baadaye, nitamwomba mama radhi.”

“Amekutandikia kitanda.”

“Tumeshachukua hoteli,” akasema.

Sikumpiga. Mpaka leo sijui kwa nini sikumpiga. Labda kwa sababu mama alikuwa amesimama mlango wa jikoni, na hakuna lililompita. Alipita katikati yetu, akachukua birika la maji na beseni na taulo, akaanza kutoka.

Hapa lazima nieleze, kwa asiye wa kwetu. Kabla ya kula mtu hunawishwa. Anayenawisha ni mdogo wa nyumba: huinama akapita kwa kila mtu, akamiminia maji, akamshikia beseni. Mtoto humnawisha mzazi. Mzazi hamnawishi mtoto wake aliyekwisha kukua, isipokuwa yu mgonjwa. Ukikaa ukanyoosha mikono mamako akumiminie, majirani wataliongea mtaa mzima, na hutaoleka. Mdogo wangu alilijua hilo kabla hajajua kusoma.

“Lete, mama,” nikasema. “Nitawanawisha mimi.”

“Kaa,” akaniambia. Hakuinua sauti.

Akaanza na bosi, mwanamke mtu mzima, mpole, mwenye mvi mbele. Huyo alisema, “Aki mama, wacha nisaidie,” mama akamtuliza kwa tabasamu. Akaendelea na wengine. Kijana mmoja akawa anapiga picha. “Hii ni poa sana,” akasema, “ukarimu wa Pwani.” Mdogo wangu alikuwa amekaa mwisho wa jamvi, na kadiri birika lilivyomkaribia, naye alikuwa akikunja na kukunjua mtandio wake. Nikasema moyoni, sasa atainuka. Hata kama hasemi kitu, atainuka, atapokea birika, na mama atajua. Wageni wasingeelewa chochote. Wangedhani ni adabu tu ya msichana aliyelelewa vizuri. Jambo dogo namna hiyo, asingepoteza kazi wala heshima.

Mama akafika mbele yake. Akapiga magoti, maana mgongo wake hauinami tena bila magoti kutua chini. Akasema, “Nawa, mgeni wangu.”

Na yule akanyoosha mikono.

Maji yalimiminika, naye akanawa, macho kwenye beseni. Mama akampa taulo. Iliyonishika si aibu peke yake, ilikuwa hasira ya kutaka kupindua sinia zima la wali juu ya vichwa vyao. Lakini chakula kilikuwa cha mama, na mikono iliyokipika ilikuwa yetu. Nikapakua.

Wakala. Toba, walikula! Samaki wakamsifu mpaka miiba. Bosi akauliza kama mama anakubali kupokea wageni wengine, angewaelekeza marafiki zake. Mdogo wangu akadakia kwamba ndiyo, watu wa hapa wanapenda sana wageni. Watu wa hapa! Mimi nikajibu kwamba inategemea mgeni, na kijana wa picha akacheka akidhani natania. Mama alikaa pembeni, hakula, akawa anaongeza pale palipopungua. Mdogo wangu naye alikuwa akimega tonge ndogo ndogo. Aliacha kichwa cha samaki, kitu anachokipenda tangu utotoni. Mama alikiona. Alikichukua akakirudisha jikoni, akakifunika kwa kawa, nami nilimfuata nikamwuliza anakifunika cha nani.

Wakati wa kuondoka walisimama kibarazani wakivaa viatu na kuniuliza mimi habari za kesho. Waende wapi asubuhi? Je, maji yatakuwa safi? Nikawaambia waende Watamu, huko tope halifiki sana, na wafike maji yakiwa yamejaa, yakitoka ni mawe matupu. Nikawaambia na mahali pa kununua halua. Nilijisikia nikiyasema yote kwa sauti ile ile ya miaka yote, na nikajichukia.

Yule bosi hakuwa na haraka. Alimshika mama mikono yote miwili, vile mtoto alivyopaswa kumshika, akamshukuru, akamwombea afya. Alikuwa mtu mwema, sina ubaya naye. Kisha akamwuliza, kama wanavyoulizana kina mama, “Na uko na watoto wangapi, mama?”

Mdogo wangu alikuwa ameinama akifunga kiatu. Vidole vyake vikasimama.

Mama alinitazama mimi. “Mmoja,” akasema. “Ndiye huyu. Mungu hakunijaalia mwingine.”

“Pole,” bosi akasema, akamkumbatia. “Lakini huyu anatosha.”

“Anatosha,” mama akajibu.

Mdogo wangu hakuinua kichwa mpaka kila mtu alipokuwa garini. Alipoinuka macho yalikuwa yamemwiva. Alisogea hatua, nadhani alitaka kusema neno, lakini dereva alipiga honi na mama alikuwa ameshageuka kukusanya vikombe.

Jioni simu yangu ililia. Alikuwa ndani ya bafu la hoteli, nilisikia maji ameyafungulia ili asisikike akilia. “Dada, mama alisema vile kwa hasira, sivyo? Niambie hakukusudia. Niambie anasemaje.”

Mama alikuwa kibarazani anakunja jamvi. Nikaiweka simu kifuani, nikamweleza: mtoto wako analia, anauliza ulikuwa na maana gani.

Akamaliza kukunja. Akalifunga jamvi kwa kamba, taratibu, kama analiweka kwa msimu mzima.

“Mwambie asiwe na wasiwasi,” akasema. “Siri yake nimemtunzia.”

Nikamwambia mdogo wangu hivyo hivyo, neno kwa neno, nikakata simu.