Kamba Iliyolegea

Eliufoo alifanya kazi ya kutengeneza reli kwa miaka ishirini na tisa, na alipostaafu hakurudi kwao Machame. Mkewe alikwisha kufariki, na kihamba, shamba la migomba aliloacha baba yao, kilikuwa mikononi mwa mdogo wake. Alibaki kwenye nyumba yake ya vyumba viwili pembeni mwa Moshi, pale reli inapopita nyuma ya nyumba za watu.

Treni ya mizigo haikuwa na siku maalumu. Akisikia honi yake kwa mbali, alibeba kigoda akakaa kando ya ua wa minyaa, hatua ishirini na tano kutoka relini. Alizipima mwenyewe. Majirani walimcheka, wakasema treni yenyewe inatambaa, hata mwenye ndoo kichwani ataikwepa. Hakubishana nao.

Aliyemsemesha ni Raya peke yake, mama aliyeleta mpunga kutoka Mabogini na kuuanika kwenye mikeka kando ya reli, kwa kuwa pale hapana kivuli. Alimwamkia shikamoo, kisha wakaongea mawili matatu kuhusu mvua. Mara nyingi Eliufoo alimwomba asogeze mikeka yake. Raya alicheka tu.

Jumanne moja alasiri, upepo ulikuwa wa kinyume na honi ikasikika treni ikiwa imeshafika karibu. Raya akakimbilia mkeka uliogusa kokoto za reli.

"Uache huo, Raya. Rudi huku."

"Nauvuta tu, mzee, mara moja."

Eliufoo akatoa sauti ambayo hakuwa ameitumia tangu aache kazi. "Toka!"

Raya akauachia mkeka, akarudi nyuma. Kichwa cha treni kikapita, mabehewa yakafuata. Kwenye behewa la sita kamba ya turubai ilikuwa imelegea, inachapa huku na huku. Ikaunasa mkeka na kuondoka nao, mpunga ukatawanyika hewani.

Raya alikaa chini. Akamuuliza alijuaje. Eliufoo akamsimulia habari za Shedrack, mwenzake wa kazi relini, aliyekula naye sufuria moja miaka kumi na mmoja. Shedrack alisimama hatua tatu kutoka relini akimpungia dereva mkono, na kamba kama ile ikamchukua. Eliufoo hakuwahi kumweleza hata marehemu mkewe ilivyokuwa.

Jioni binti yake Evelyn alipiga simu kutoka Dodoma. Eliufoo akamwambia treni imepita leo. Evelyn akauliza kama amekula. Akajibu kwamba amekula.

Siku hizi Raya anaanika mpunga uani kwa dada yake, mtaa wa pili, mbali kabisa na reli. Wakikutana njiani anamwamkia kwa heshima kuliko zamani, na Eliufoo anashukuru kwamba alimsikia. Lakini nyuma ya nyumba sasa hapana mtu. Juzi alikaa pale tangu saa nane mpaka jua likazama. Treni haikuja, na hakuna aliyemsemesha.