Asubuhi Niliyomdanganya Fundi

Nakumbuka asubuhi moja ya baridi, mwanangu. Mvua ya mawe ilikuwa imenyesha jana yake jioni, na barafu bado ilikuwa imelala kwenye mitaro ya chai. Ukungu ulikuwa mzito hata nikiwa mlangoni sikuliona jiko langu la nje. Harufu ya majani yakikaushwa ilikuwa inatoka kiwandani ng'ambo ya mto, tamu kidogo, na kimya kilichokuwepo, nikifumba macho hivi, bado nakisikia. Ningependa nikusimulie hicho kimya tu, kisha tunywe chai. Lakini wewe umenunua pickup kuukuu ya dizeli, na jana nimekuona ukiiteremsha mlimani ili iwake, ukitazama huku na huku kama umeiba kuku. Kwa hivyo keti.

Mimi ndiye mwanamke wa kwanza kushika usukani kutoka hapa mpaka Chepilat. Usinicheke! Mume wangu alipoandikwa kazi mbali, aliniachia pickup yake, nikawa nabeba maziwa na kabeji kupeleka sokoni. Wale wanaume wa kukaa madukani walikuwa wananingojea. Gia ikinikatalia, wanapiga makofi. Nikipita vizuri, wananyamaza, wanangoja kesho. Nami nilikuwa na kiburi, wee! Niliapa hawatanipata.

Basi karibu na Pasaka gari ikaanza kukataa kuwaka asubuhi. Dizeli haiwashwi na cheche kama petroli, inawaka kwa joto. Injini ikiwa baridi, kuna vijiti vidogo ndani yake, tunaviita hita, ambavyo ni lazima vipate moto kwanza. Zangu zilikuwa zimekufa. Nilijua, kwa sababu ile taa yake ndogo ya rangi ya machungwa haikuwaka tena mbele ya usukani. Dawa yangu ikawa mteremko. Kila jioni naegesha juu kabisa ya shamba, na alfajiri naachia breki. Inashuka polepole katikati ya chai, hakuna sauti, umande unagonga kioo, halafu naachia klachi, inashtuka na kunguruma. Nilipenda ile safari fupi. Nilikuwa kama mtu anayeota, na nilisahau kabisa kwamba nimeficha ugonjwa.

Jioni ile ya mvua ya mawe mteremko ulikuwa tope tupu. Niliogopa gari ingeteleza iingie kwenye chai ya watu, nikaiacha kwenye nyasi tambarare nje ya geti.

Kabla jua halijatoka, nikasikia mtu anahema mlangoni. Ni mume wa Chebet. Chebet alikuwa jirani yangu na rafiki yangu, tulikuwa tunachuma chai laini moja, mstari mmoja bega kwa bega, tukicheka mpaka tunakemewa. Uchungu ulikuwa umemshika, mimba ya kwanza, na mama mkunga aliyekuwa anamwangalia alisema mtoto amekaa vibaya, apelekwe hospitali Kericho haraka. Gari nyingine hapa kwetu haikuwepo. Tukamketisha ndani. Nikawasha. Starter, ile mota ya kuwashia, ikazunguka, moshi mweupe ukatoka nyuma ukapotelea kwenye ukungu, lakini injini haikushika. Tukasukuma, magurudumu yakateleza kwenye nyasi. Mume wake akakimbia kumwita Mzee Mwangi, fundi aliyetoka upande wa Nyeri zamani akafungua banda lake hapo madukani.

Mzee alifika na mfuko wake, akaniambia niwashe tena, akasikiliza, akanusa ule moshi.

"Betri ni nzuri, inazungusha na nguvu," akasema. "Moshi mweupe unatoka, kwa hivyo dizeli inafika lakini haichomeki. Msichana wangu, hita zako zinafanya kazi?"

Nyuma yake walikuwa wameshafika wale wanaume wa madukani, mikono mifukoni, wamekuja kutazama.

"Zinafanya," nikasema. "Jana iliwaka vizuri. Shida imeanza leo tu."

Mzee aliniamini. Mbona asiniamini? Kama hita ni nzima, basi labda maji yameingia kwenye dizeli. Akafungua filta, akaimwaga, hakuona maji. Basi labda ni hewa kwenye mipira ya kupitisha dizeli. Akalegeza nati, akapampu kwa mkono, akangoja mapovu, na mapovu hayakutoka. Alifanya kila kitu taratibu, kwa usafi, na yote ilikuwa kazi bure, na mimi nilikuwa najua ni kazi bure. Jua likatokeza, ukungu wote ukawa mweupe kama maziwa, na barafu mitaroni ikaanza kumetameta. Sijawahi kuona asubuhi nzuri kama ile. Ndani ya gari Chebet alikuwa ameuma leso yake ili asipige kelele.

Ndipo mdomo ukafunguka, kwa sauti ya chini, wale wa madukani wasisikie. "Mzee, hita zilikufa tangu Pasaka."

Akanyooka, akafuta mikono, akachukua muda kuifuta. "Gari imeniambia ukweli tangu nimefika," akasema. "Ni wewe umenipoteza njia."

Hakupaza sauti. Heri angenipiga kofi.

Akatoa kipande cha waya, akakiunga kutoka betri moja kwa moja mpaka kwenye hita, akahesabu polepole hadi ishirini. "Washa." Ikashika hapo hapo! Hita zenyewe zilikuwa nzima, mwanangu. Waya wake ndio uliokuwa umeungua. Miezi yote ile nimejificha kwa sababu ya waya mfupi kuliko mkono wangu.

Tulifika hospitali. Chebet aliokolewa. Mtoto alikuwa msichana, na hakulia. Nesi alisema amechoka kungoja.

Watu wakasema ni ile baridi, na mimi nikawaacha waseme ni baridi. Tukarudi kuchuma chai laini moja. Chebet akazaa wengine watatu, wote nikawabeba shuleni na pickup ile ile, na kila mmoja akipanda namwangalia, nahesabu yule ambaye hayupo. Niliona aibu mpaka ikawa kama kiungo changu cha mwili.

Mwaka jana tulikuwa tumekaa tukichambua maharagwe, yeye na mimi, wazee wawili. Sijui ni nini kilinisukuma. Nikamwambia yote. Yeye akaendelea kuchambua.

"Si nilikuwa ndani ya gari," akasema. "Dirisha lilikuwa wazi. Nilisikia ulivyomwambia fundi, na nikasikia ulivyomwambia mara ya pili."

Nikamwuliza, woi, Chebet, mbona hukuwahi kusema?

"Nilikuwa nangoja uniambie wewe," akasema. "Nimengoja sana." Halafu akalia, nami nikalia, na maharagwe yakamwagika yote.

Sasa nisikilize. Gari yako ikikataa asubuhi, angalia kama starter inazunguka na nguvu, angalia moshi, kisha ipeleke kwa fundi mchana kweupe, hao wa madukani wakiona. Watacheka kidogo, halafu wataenda zao. Fundi akikuuliza shida imeanza lini, mtajie siku yenyewe, hata kama inakuaibisha. Usimfiche ugonjwa mtu aliyekuja kukusaidia, iwe ni fundi, iwe ni daktari, iwe ni mke wako. Na kama kuna mtu aliyeumia kwa sababu ya neno ulilolificha, usingoje kama mimi. Mwendee nywele zenu zikiwa bado nyeusi.

Nenda na Mungu, mwanangu. Akupe mkono mwepesi na ulimi wa kweli, na kila anayepanda gari yako afike, na yule aliyembeba tumboni afike pia.